Siku ya Kwanza na Msumeno wa Paneli

Ndugu mafundi, na hasa ninyi mnaoanza, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie msumeno mpya wa paneli, ule wenye meza inayoteleza, na nitashikilia jambo moja ambalo wanaoanza wengi hulipita haraka: mashine inapotoka kwenye sanduku haijui pembemraba ni ipi, na namba zilizochapwa kwenye fensi yake, yaani reli ambayo ubao huegemea, hazistahili kuaminiwa mpaka mwenye mashine azihakiki mwenyewe kwa kukata.

Wilhelm Altendorf aliibuni mashine ya namna hii Ujerumani mwaka 1906, na wazo lake halijabadilika: ubao haukokotwi na fundi kando ya fensi, bali unalazwa juu ya meza, na meza ndiyo inayoupitisha mbele ya bledi, yaani diski yenye meno. Kwa hiyo unyoofu wa mkato hutoka kwenye njia ya meza, na meza iliyowekwa juu ya sakafu yenye mabonde itapita njia ya mabonde. Pima maji itangulie kila kitu kingine. Meza inayoteleza ikae juu kidogo kuliko meza ya chuma iliyosimama, sehemu chache tu za kumi za milimita, ili ubao usikwaruzwe unapopita.

Umeme nitaupitia kwa ufupi, kwa kuwa kuunganisha fezi tatu ni kazi ya fundi umeme. Lakini kabla hamjafunga bledi, washeni mota kwa sekunde moja, kisha mtazame mhimili unazunguka upande gani. Ukizunguka kinyume, fundi umeme atabadilishana nyaya mbili kati ya zile tatu na tatizo litakwisha. Mkiligundua baada ya kufunga bledi, mtakuwa mmechelewa.

Sasa tuje kwenye fensi ya kukingama, ile inayokaa juu ya meza inayoteleza, ambapo ningependa mtumie nusu siku nzima bila kuona haya. Skwea ya mkononi haitoshi, kwa sababu kosa dogo lisiloonekana kwenye skwea fupi hukua linapofika mwisho wa ubao mrefu. Chukueni kipande cha MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, chenye upande wa milimita 600 hivi. Kateni upande mmoja, geuzeni ubao ili upande uliokatwa uegemee fensi, kateni wa pili, na kuendelea hivyo mpaka pande zote nne ziwe zimekatwa. Kisha rudieni upande wa kwanza kwa mkato wa tano, mkitoa ukanda wa upana wa milimita 30 hivi, na mpime upana wa ukanda huo katika ncha zake mbili kwa kalipa, kifaa kinachopima sehemu ndogo za milimita, si kwa futi kamba. Tuseme ncha moja ina milimita 30.6 na nyingine 30.2. Tofauti ni 0.4, lakini imekusanywa na mikato minne, kwa hiyo kosa halisi la fensi ni 0.1 katika urefu wa 600. Ikiwa skrubu ya kurekebishia iko milimita 1200 kutoka pale fensi inapojizungushia, isogezeni 0.2, ambao ni unene wa karatasi mbili za kawaida za kuandikia. Ncha iliyo pana ndiyo inayowaambia mwelekeze wapi. Rudieni jaribio mpaka kalipa ikose la kusema.

Bledi ndogo ya kuchanja, ile iliyo mbele ya bledi kubwa, huwachanganya wengi. Bledi kubwa hushuka kuelekea chini, hivyo meno yake hutokea upande wa chini wa ubao na kumega melamini, ile ngozi ngumu iliyobandikwa juu ya ubao. Ile ndogo huzunguka kinyume chake, ikipenya kutoka chini kwenda juu, na kuchimba mfereji wa milimita moja hadi mbili kabla bledi kubwa haijafika. Mfereji huo ukiwa mwembamba kuliko mkato wa bledi kubwa, melamini itamegeka vilevile. Ukiwa mpana mno, ngazi ndogo itabaki kwenye ukingo wa ubao. Hapa hakuna njia ya mkato: kata kipande cha taka, tazama, rekebisha, kata tena.

Nimalizie na hatari moja ambayo sipendi kuitaja kwa wepesi. Kisu kilicho nyuma ya bledi, kinachozuia mbao kubana meno, kisitolewe kwa ajili ya haraka. Kikae milimita 3 hadi 8 kutoka kwenye meno. Mnapopasua mbao ngumu, rudisheni fensi ya kupasulia, ile iliyo sambamba na bledi, nyuma mpaka ncha yake ya mbali iishie karibu na katikati ya bledi, ili mbao inayofunguka ipate pa kwenda. Na mnapokata vipande vifupi kwa kukingama, fensi ya kupasulia isiwe kizuizi cha kupimia kipande kikiwa bado kinakatwa, maana kipande hicho kitanaswa kati ya fensi na bledi, kisha kitarushwa kwa aliyesimama nyuma yake. Simameni kando ya njia ya bledi, upande wa meza inayoteleza, na kipande kilichobaki karibu na meno msikiguse mpaka bledi isimame kabisa.