Mkunga wa Volendam

ZUHURA: Karibuni tena. Bakari Jumamosi hii simu hapokei, ujumbe hajibu.

BAKARI: Nilikuwa Volendam, mji wa wavuvi kule Uholanzi, dada. Basi la 316 kutoka Amsterdam, kisha boti hadi Marken. Nina mambo matatu kwa wanaotaka kwenda.

ZUHURA: Haya, la kwanza.

BAKARI: Kabla ya hilo, mkunga.

ZUHURA: Mkunga gani tena?

BAKARI: Yule samaki mrefu kama nyoka, aliyekaushwa kwa moshi! Wanamuuza mzima pale bandarini, mweusi, anameremeta mafuta. Muuzaji akamkata kichwa, akamvua ngozi kama soksi, akanikabidhi. Mafuta yalinishuka hadi kiwikoni. Na wanasayansi wanaamini samaki huyu huzaliwa Bahari ya Sargasso, kule Atlantiki, anavuka akiwa mdogo, anakulia maji baridi huku, yasiyo na chumvi, akikomaa anarudi kulekule kuzaa.

ZUHURA: Safari yote hiyo halafu anaishia mkononi mwako. Si yumo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka?

BAKARI: Yumo. Lakini ndiye aliyewabakia wavuvi wa kule. Tuta la Afsluitdijk lilipofunga Zuiderzee, ile ghuba yao ya bahari, mwaka 1932, maji ya chumvi yakageuka maji baridi. Heringi na anchovi wakaisha.

ZUHURA: Hapo ndipo ninapokasirika. Watu wanaishi kwa bahari, serikali inawafungia bahari!

BAKARI: Zuhura, nenda Marken uone nyumba zile za mbao zilizoinuliwa juu ya nguzo. Zamani chini kulikuwa wazi ili mawimbi yapite. Na bado mafuriko ya Januari 1916 yaliua watu 16 pale. Kisiwa kidogo vile!

ZUHURA: Wangeinua kuta za pwani.

BAKARI: Pwani yote ile? Tuta la kilomita 32 liliwakinga wote.

ZUHURA: Likawapa wakulima ardhi mpya, na gharama akabeba mvuvi. Mimi nimelelewa na mvuvi, Bakari. Ukimnyang'anya maji, hata akipata kazi kiwandani, ujuzi wake wote umekwenda.

BAKARI: Kulikuwa na sheria ya kuwasaidia, ya mwaka 1925.

ZUHURA: Msaada si bahari.

BAKARI: Waliozama je?

ZUHURA: Nawalilia. Hilo halinifanyi nikubali tuta.

BAKARI: Mimi nalikubali.

ZUHURA: Basi tumekwama. Na fundi anatuonyesha saa. Yale mambo matatu?

BAKARI: Muda umekwisha, tuyaache. Nimalizie mkunga tu: pale Kornwerderzand wanajenga mto wa kupitisha samaki kwenye tuta lenyewe, ili mkunga aingie na kutoka.

ZUHURA: Kumbe wanalitoboa!

BAKARI: Kwa mlango unaofungwa, dada. Dhoruba ikija, wanafunga.

ZUHURA: Wiki ijayo naanza mimi, na naanzia hapohapo. Kwaherini.