Wakili Katoka Chemba Anacheka: Maadili ya Majaji

ZUHURA: Haya karibuni tena, mimi Zuhura niko na kaka yangu Baraka kama kawaida, na mada ya leo imenikaa rohoni siku nyingi, majaji na mahakimu, maadili yao, na wakiyavunja inakuwaje.

BARAKA: Anza na ile ya shangazi yako.

ZUHURA: Shangazi alikuwa na kesi ya shamba. Siku hiyo tumewahi, tumekaa kwenye benchi koridoni, kashika mfuko wake wa nailoni wenye risiti na karatasi zote za shamba, kaubana kifuani hivi. Mara mlango wa chemba ya hakimu unafunguka, anatoka wakili wa upande wa pili, peke yake, anacheka, na huko ndani tunamsikia hakimu naye anacheka. Haikupita muda karani akaita kesi yetu. Shangazi akanigeukia, "Waliongea nini mle ndani?"

BARAKA: Pengine waliongea mpira tu.

ZUHURA: Pengine! Lakini shangazi angejuaje? Yeye hakuwemo.

BARAKA: Ndo maana ya ile kanuni kwamba hakimu haongei na upande mmoja kuhusu kesi wakati mwenzake hayupo. Na kuna kesi ya Uingereza ya mwaka 1924 inafanana na hiyo yako kabisa. Mwendesha pikipiki mmoja alishtakiwa kwa ajali, mahakimu wakaingia chumba cha faragha kuamua, na karani wao akaingia nao. Kumbe karani huyo ni mtu wa ofisi ya mawakili waliokuwa wanamdai fidia huyohuyo mshtakiwa kwa ajali ileile! Basi ikathibitika kabisa kwamba mle ndani karani hakusema neno kuhusu kesi, wala mahakimu hawakumuuliza.

ZUHURA: Na bado?

BARAKA: Na bado hukumu ikafutwa. Jaji Lord Hewart akasema haki isitendeke tu, ionekane waziwazi kwamba inatendeka. Mi hapo nilielewa kwamba hawahukumu kilichosemwa mle ndani, wanaangalia yule aliyebaki nje ya mlango ataamini nini.

ZUHURA: Nashukuru umesema hivyo maana watu tukisikia jaji kakosa maadili tunawaza bahasha tu, hela chini ya meza. Hela ipo, sikatai. Lakini chukua kesi ya Pinochet, 1998, yule mtawala wa zamani wa Chile alikamatwa London, na majaji wa juu kabisa kule wakaamua 3 kwa 2 kwamba hana kinga ya kutoshtakiwa. Baadaye ikajulikana mmoja wa wale watatu, Lord Hoffmann, alikuwa mkurugenzi wa taasisi ya hisani iliyo chini ya Amnesty International, lile shirika la kutetea haki za binadamu, na Amnesty walikuwa wameruhusiwa kuingia kwenye kesi ileile! Hakuna aliyesema kala hela, hakuna aliyesema kapendelea. Hakusema tu mwanzoni. Uamuzi ukafutwa, kesi ikaanza upya mbele ya majaji 7.

BARAKA: Sentensi moja ingetosha, "Jamani, mimi nina uhusiano na hawa."

ZUHURA: Sentensi moja tu! Na kujitoa kwenye kesi si kukiri kosa, hilo nataka majaji wenyewe walisikie. Anayejitoa mapema anailinda kesi.

BARAKA: Ila hapa nikubishie kidogo dada. Tukimlalamikia jaji kila tunaposhindwa, tutapata majaji waoga. Jaji akikosea sheria kwa nia njema, dawa yake ni rufaa. Malalamiko ya maadili ni ya mwenendo, kala rushwa, katukana shahidi, kaficha maslahi yake, kakalia hukumu miaka bila sababu. Ukichanganya hayo mawili basi mwenye nguvu atamtisha jaji kwa kumpelekea malalamiko kila siku.

ZUHURA: Nakubali, lakini na sisi tusiambiwe "kateni rufaa" kila tunapolalamika. Rufaa inataka hela na muda, na haimgusi jaji mwenyewe. Unakumbuka wale wa Pennsylvania, Marekani? Majaji wawili, Ciavarella na Conahan, walipokea zaidi ya dola milioni 2 zinazohusiana na jela binafsi za watoto, na Ciavarella akawa anawapeleka watoto ndani kwa makosa madogomadogo, wengi hawana hata wakili, kesi inaisha kwa dakika chache. Ciavarella alifungwa miaka 28 mwaka 2011. Sasa mtoto aliyetolewa mahakamani na pingu, rufaa ingemsaidia nini usiku ule?

BARAKA: Hapo sina la kubisha.

ZUHURA: Na walikuwepo mawakili mle, makarani, waendesha mashtaka, kila siku wanaona. Hicho ndo kinaniuma zaidi.

BARAKA: Viwango vyenyewe vimeandikwa lakini, Kanuni za Bangalore za 2002, zile za kimataifa kuhusu mwenendo wa majaji, zinataja uhuru, kutopendelea, uadilifu, mwenendo ufaao, usawa, na umahiri pamoja na bidii. Ila mwananchi aliyekaa koridoni afanye nini? Andika tarehe, saa, uliona nini, nani mwingine aliona. Halafu mwambie wakili wako siku hiyohiyo aombe hakimu ajitoe, mahakamani, iingie kwenye kumbukumbu. Usisubiri hukumu, maana ukinyamaza ukashindwa ndo uinuke, watakuuliza ulikuwa wapi siku zote.

ZUHURA: Sisi hatukujua hayo. Tuliingia tukakaa, hakimu akasoma faili, mi nilikuwa namwangalia usoni tu natafuta kile kicheko. Shangazi alishindwa. Inawezekana kabisa alishindwa kihalali, zile risiti zilikuwa na mapungufu, wakili mwingine alituonyesha baadaye. Lakini umweleze vipi? Kila nikienda kumwona, tukimaliza kusalimiana ananiuliza lilelile, "Hivi waliongea nini mle ndani?"