Usiulize Inavuta Mara Ngapi

Ndugu zangu, nimeomba mazungumzo haya yawe jioni kwa sababu ambayo mtaiona wenyewe tukitoka nje. Wengi wenu mnazo darubini tayari, wengine za kutazamia ndege, wengine za kuwindia, kwa hiyo siwaelezi darubini ni nini. Nataka kushughulika na swali ninaloulizwa kila niendako, na kila nikiulizwa roho inachafuka: "Inavuta mara ngapi?"

Jamani, hilo si swali la kwanza. Someni zile namba mbili kwenye darubini zenu: 8x42, 10x42, 10x25. Ya kwanza ndiyo kuvuta, na watu wakishaisoma hiyo wanaishia hapo. Ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita, yaani mlango wa nuru. Gawanyeni ya pili kwa ya kwanza. 42 kwa 8 ni 5.25. 25 kwa 10 ni 2.5. Huo ndio upana, kwa milimita, wa mwale unaotoka nyuma kuingia jichoni. Nyosheni mikono, elekezeni darubini dirishani, mtazame lenzi za nyuma kwa mbali. Mnakiona kiduara cheupe? Ndicho hicho. Mwenye ndogo ya mfukoni alinganishe na ya jirani yake.

Mchana wa jua kali mboni ya jicho hubana hadi milimita 2 au 3, kwa hiyo hata kiduara cha 2.5 kinaitosha. Ndiyo maana mtu akizijaribu dukani saa sita mchana, ndogo na kubwa zinampa mwanga uleule, naye anatoka akiamini wenye kubwa wamebeba uzito wa bure. Magharibi ikiingia, mboni inafunguka hadi 5 na zaidi. Hapo kiduara cha 2.5 kinajaza robo tu ya mboni. Robo, si nusu! Ukipunguza kipenyo kwa nusu, eneo linabaki robo.

Niliwahi kuketi ukingoni mwa kinamasi na rafiki yangu mwindaji, mtu mwangalifu, kibali chake kinaruhusu dume mmoja tu. Alikuwa na 10x25 mpya. Jua limeshazama, mnyama akatoka vichakani, akasimama. Rafiki yangu akatazama, akaninong'oneza, "Dume. Pembe naziona." Bunduki iko magotini. Nikamwambia, subiri, tazama kwa hii. Nikampa 8x42 yangu. Akatazama kimya, muda mrefu mno. Zile pembe zilikuwa matawi makavu ya kichaka kilicho nyuma ya kichwa cha mnyama. Na ubavuni, ndani ya majani marefu, palikuwa na ndama, masikio tu yanaonekana. Akanirudishia darubini, akatoa risasi kwenye bunduki, na njia nzima hatukusemezana.

Mtu yule hakuwa mzembe, na macho yake ni mazima. Chombo kilimnyima nuru, ubongo ukaliziba pengo kwa kile alichokuwa anakitamani. Watazamaji ndege, msidhani hili haliwahusu. Mara ngapi mmeandika daftarini alfajiri jina la ndege adimu, jua lilipopanda akawa yuleyule wa kila siku? Rangi haikuwafikia. Mliijaza wenyewe.

Najua kuna anayesema moyoni: si angetazama kwa darubini ya bunduki? Hapana, na hili silisemi kwa upole. Kutazama kwa darubini ya bunduki ni kumwelekezea mtutu kiumbe ambaye bado hujamjua, na huenda ni mtu anayeokota kuni. Kwanza umtambue kwa darubini ya mkononi. Bunduki baadaye.

Mwingine atasema mara 12 inaonyesha zaidi. Inaonyesha zaidi ikiwa juu ya mguu wa kuwekea. Mkononi, mtetemo nao unakuzwa mara 12, na kwa kawaida eneo unaloliona linakuwa jembamba, hata kozi akikatiza angani humpati kabisa.

Basi kwa nini 8x42 moja iizidi nyingine bei mara kumi, na namba ni zilezile? Kwa sababu ya njia ya ndani. Kila uso wa kioo usiopakwa utando hurudisha nyuma takribani asilimia 4 ya nuru. Pitisha nuru kwenye nyuso kumi, theluthi nzima imepotea. Alexander Smakula wa Zeiss, kampuni ya Ujerumani ya kutengeneza lenzi na darubini, aliipatia shida hiyo ufumbuzi mwaka 1935, kwa utando mwembamba juu ya kioo. Halafu zile darubini zenye mirija iliyonyooka zina prizimu, yaani kipande cha kioo kinachokunja njia ya nuru, inayougawa mwale sehemu mbili na kuuunganisha tena, na picha hupoteza ukali mpaka prizimu ipakwe utando wa kusawazisha mawimbi ya nuru. Zeiss walianza kuutia mwaka 1988. Pesa ya Zeiss, Leica au Swarovski inakwenda huko: katika tando, katika kioo kisichomwaga rangi ya zambarau kwenye ncha za mabawa, katika ukali unaofika hadi pembeni mwa picha.

Mwenye pesa kidogo asivunjike moyo. Achukue ile ya umbo la zamani, yenye mabega, ya prizimu za Porro. Haihitaji utando huo wa mawimbi, kwa hiyo kwa bei ileile ya chini mara nyingi itamwonyesha vizuri kuliko yenye mirija iliyonyooka.

Nilitaka kusema juu ya naitrojeni inayozuia ukungu ndani, na miwani, lakini muda umekwisha. Wazee, 8x56 msiibebe bure: inatoa milimita 7, na mboni ya uzeeni kwa kawaida haifunguki kiasi hicho.

Jua linashuka. Nje nimeweka tatu mezani: 10x25, 8x42 ya Porro, na 8x42 ya gharama. Tazameni ule mti wa mbali kwa zote tatu sasa hivi, kisha mrudie kila baada ya dakika kumi hadi giza liingie.