Weka Chini Hicho Kitambaa cha Thina

Ndugu mafundi, nitalisema tena hadi mnichoke: epoksi, ile gundi ya kuchanganya na hadina yaani kigumishi chake, ikichuruzika kwenye maungio, msiifute kwa kitambaa chenye thina, kile kimiminika cha kuyeyushia rangi. Iacheni.

Ukiifuta mbichi huiondoi, unaitandaza. Thina inaifanya nyepesi nayo inazama kwenye vitundu vya mbao, na mninga una vitundu vikubwa. Ikikauka huoni kitu. Siku ya kupaka rangi ya mbao ndipo baka linajitokeza, maana rangi haipenyi palipozibwa, na hapo utapiga msasa mpaka ubao uingie bonde.

Ngojeni. Epoksi huanza majimaji, ikawa mpira, ikaishia jiwe. Sisi tunaitaka ikiwa mpira. Saa haitakwambia: ile ya haraka hufika hapo kwa dakika chache, ya polepole huchukua saa kadhaa, na joto la Dar es Salaam si baridi ya Njombe. Msipime kwa masalio ya kikombeni pia. Yale yamerundikana, yanajipasha moto, yanawahi kushika. Bonyeza ile ile iliyotoka kwenye ungio kwa kijiti. Ikiacha alama bila kunata, laza mgongo wa patasi kali juu ya ubao, sukuma kufuata ungio, itang'oka kama utepe. Ikivuta nyuzi, umewahi. Ikimeguka na kung'oa nyuzi za mbao, umechelewa.

Utaniambia kopo limeandika "safisha kwa asetoni". Vifaa, ndugu yangu, si meza ya mteja! Wala si mikono: asetoni huisaidia epoksi kupenya ngozini, na mzio wa epoksi ukishakupata hautoki. Vaa glavu. Brashi ambayo epoksi yake haijashika bado, hata siki inaisafisha.

Kona za ndani patasi haifiki. Unga pakavu kwanza, bandika tepu ya karatasi, ikate kwa wembe kwenye mstari wa ungio, fungua, ndipo upake. Ibandue tepu wakati epoksi ikiwa mpira. Ikiwa jiwe, tepu imezikwa.

Muda unaniishia. Iliyokwisha kuwa jiwe ipashe kwa hewa ya moto kidogo kidogo, kwangua. Ukizidisha, ungio lenyewe litalegea. Msasa ni baada ya kukomaa kabisa, na barakoa usoni. Uso wa epoksi ukiwa na utelezi kama mafuta, osha kwa maji kabla ya msasa. Klempu, vile vibano vya kushikilia mbao, msizikaze kama za gundi nyeupe, epoksi itatoka yote ungio libaki kavu. Maswali ya vipimo vya hadina tuonane nje.