Meza Zinang'aa, Hewa Je?

Ndugu zangu, nimelisema hili mara nyingi na leo nalirudia: maofisini tunahangaika kufuta meza ili kuzuia korona, hewa tumeisahau. Vitakasa mikono vipo mlangoni, madirisha yamefungwa mwaka mzima.

Machi 2020, jijini Seoul, Korea Kusini, korona iligunduliwa katika kituo cha kupokea simu za wateja, ghorofa ya 11. Wafanyakazi 216, wamekaa bega kwa bega, kutwa wanaongea. Wakaambukizwa 94, wengi wao upande mmoja wa ghorofa. Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Lifti walizopanda ni zilezile walizopanda watu wa ghorofa nyingine. Ukumbi wa chini ni uleule. Kama ugonjwa ungekuwa unasambaa zaidi kwa kugusa vitufe vya lifti, jengo zima lingelala kitandani. Lakini nje ya ghorofa ile, katika jengo lote, walipatikana 3 tu. Kilichowaponza wale 94 ni kushinda chumba kimoja, wakivuta pumzi za wenzao saa nyingi.

Najua yupo anayesema moyoni, "Sisi tuna kiyoyozi." Kipi? Hiki cha ukutani kwa kawaida hakileti hewa ya nje. Kinavuta hewa ya chumbani, kinaipoza, kinairudisha ileile. Na yale mabomba mawili yanayotokeza nje? Yanapitisha gesi ya kupozea, si hewa ya kuvuta. Mnapata ubaridi, mnadhani ni usafi!

"Hewa haionekani, tutajuaje?" Pimeni hewa ya ukaa, ile tunayoitoa kwa pumzi. Nje ni kama sehemu 420 kwa milioni. Kifaa kikisoma 1,500 mchana ofisini, mjue mnarudishiana pumzi. Fungueni madirisha ya pande mbili, upepo upite. Hayafunguki? Tafuteni mashine ya kusafisha hewa yenye chujio la HEPA, lile linalonasa chembe ndogo sana. Namba ya hewa ya ukaa haitashuka, maana chujio haliigusi, lakini chembe zenye virusi zitanaswa.

Muda unanibana. Vioo vya plastiki mezani huzuia mate, chembe zinazoelea huvizunguka. Barakoa, chagueni inayobana uso, kama N95. Na anayeumwa abaki nyumbani bila kukatwa mshahara. Mkimkata atakuja, atakoholea katikati yenu. Wakurugenzi mlioko hapa, hilo ni lenu, msimwachie mfagizi.

Haya, maswali.