Gumba Linapouma Baada ya Kujifungua: Mhadhara kwa Akina Mama wa Kliniki

Akina mama, na akina baba mliowasindikiza, karibuni sana.

Mara kwa mara huja kwetu kwenye chumba cha mazoezi ya tiba mama mwenye mtoto wa mwezi mmoja au miwili, anasema mkono umeteguka. Hakuanguka wala hakugongwa. Ukimwuliza panapouma, anaweka kidole palepale: pembeni mwa kifundo cha mkono, upande wa gumba, juu ya ule mfupa uliochomoza. Kukamua nepi ni shida, kufungua kopo ni shida, na kumwinua mtoto ndiyo kabisa, machozi yanamtoka. Nyumbani kaambiwa ni baridi ya uzazi, akachuliwa kwa nguvu na mafuta ya moto. Asubuhi mkono umevimba zaidi.

Jamani, si baridi. Maradhi haya yanaitwa kwa jina la daktari mpasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliyeyaeleza mwaka 1895. Kuna kano mbili, yaani kamba ngumu zinazounganisha misuli na mfupa, zinazolivuta gumba kulitenga na vidole vingine. Zinapita juu ya mfupa ule ndani ya njia nyembamba, kama kisu kwenye ala yake. Ala ikinenepa, nafasi inabana, na kila gumba linaposogea kano zinasuguliwa. Sasa ukishindilia mahali hapo kwa kuchua, unaongeza nini kama si msuguano? Ndiyo maana nawasihi, tena kwa uchungu: msichue pale panapouma.

Mbona inawapata wazazi? Tazameni tunavyomwinua mtoto. Tunampitishia mikono makwapani, magumba yametanuka, vifundo vimepinda, uzito wote uko hapo. Mchana kutwa, na usiku tena. Akina baba wanaolea nao huupata, na hata wanaochapa ujumbe kwenye simu kwa gumba saa nyingi.

Jipimeni, lakini taratibu. Kunja gumba ndani ya kiganja, lifunike kwa vidole, kisha inamisha ngumi kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Pakichoma sana juu ya mfupa ule kuliko mkono wa pili, inawezekana kabisa ndiyo hii. Usirudierudie.

Tiba inaanzia kwenye kubeba. Kiganja kimoja kiwe chini ya makalio ya mtoto, kingine nyuma ya mgongo na shingo, gumba limelala pamoja na vidole vyake, kifundo kimenyooka. Wakati wa kunyonyesha, weka mto mapajani umpandishe mtoto, ili usikishike kichwa chake kwa mkono uliopinda.

Pili ni banzi, kifaa kigumu cha kuushikilia mkono usisogee. Hapa wengi wanapoteza fedha: wananunua bendeji inayofunga kifundo tu na kuliacha gumba huru. Banzi linalofaa hushika kifundo pamoja na gumba, na huvaliwa kwa wiki kadhaa. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 hivi, hupunguza maumivu. Dawa kama ibuprofeni kwa kawaida mama anayenyonyesha anaweza kuitumia, ila mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au ujauzito asiimeze kabla ya kumwuliza daktari.

Yakigoma, kuna sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ndani ya ala yenyewe. Msiiogope, inawasaidia wengi. Ngozi pale inaweza kupauka, na mwenye kisukari sukari inaweza kupanda kwa siku chache, kwa hiyo mwambieni daktari mapema. Wachache hufikia upasuaji mdogo wa kuifungua ala, kwa ganzi ya mkono tu. Mpasuaji huwa mwangalifu na mshipa wa fahamu unaopita hapo karibu.

Ila aliyeanguka akajizuia kwa kiganja, akasikia maumivu kwenye kishimo cha chini ya gumba, huyo akapige eksirei, na ikionekana safi huku bado anaumwa, arudi. Mfupa mdogo wa hapo ukivunjika, siku za mwanzo unaweza usionekane. Na mkono mwekundu, wa moto, wenye homa, ni hospitali siku hiyohiyo.

Akina baba, nepi za wiki hizi ni zenu kukamua. Wenye maumivu leo wasogee upande wa dirisha, tuwapime mmoja mmoja.