Malengelenge ya Mdomoni: Nani Kamwambukiza Nani?

MSAFIRI: Karibuni tena. Mimi ni Msafiri, na dada Tausi, muuguzi wetu, kashafika na chai yake. Leo hatuzunguki. Kuna msikilizaji kaandika: mume karudi safari, kaugua malaria, na homa iliposhuka mdomo wa chini ukajaa malengelenge. Mama mkwe anasema hiyo ni homa inatoka. Mke kaingia mtandaoni, kakutana na neno hepesi, na sasa mume analala sebuleni.

TAUSI: Jamani! Mrudisheni chumbani kwanza.

MSAFIRI: Mama mkwe kapatia?

TAUSI: Nusu. Homa ndiyo iliyoyaamsha, lakini malaria haitokei mdomoni. Kinachotoka ni kirusi cha hepesi, ambacho huyo bwana pengine anacho tangu utotoni, anabusiwa na mashangazi. Kikishaingia, kinafuata mshipa wa fahamu mpaka ndani ya fuvu, usawa wa sikio, kinalala humo maisha yote. Siku mwili umetikisika, iwe homa, jua kali, hedhi au kukosa usingizi, kinashuka kwa njia ileile. Ndiyo maana wengi huwatoka karibu palepale kila mara.

MSAFIRI: Kwa hiyo safari haihusiki.

TAUSI: Mimi sikusafiri naye! Ninachosema ni kwamba lengelenge la mdomo si ushahidi wa kumfumania mtu. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 wana hii aina ya kwanza ya hepesi, ambayo hasa ni ya mdomoni. Ni asilimia 64. Kwenye daladala iliyojaa, wasio nayo ndio wachache.

MSAFIRI: Wakapime damu basi, ijulikane nani kaleta.

TAUSI: Kipimo cha damu kinaonyesha kinga iliyotengenezwa na mwili, basi. Hakitaji mwaka, hakitaji mtu, na hakisemi kama kirusi kipo mdomoni au sehemu za siri. Kama kidonda bado kibichi, heri wachukue majimaji yake wapime.

MSAFIRI: Umetaja sehemu za siri. Cha mdomoni kinafika huko?

TAUSI: Kinafika, kwa ngono ya mdomo. Hapa ndipo watu hawaamini. Unakuta wawili hawajawahi kutoka nje ya ndoa, mke ana vidonda ukeni, mume miaka yote anatokwa na malengelenge mdomoni kila akipata mafua. Ugomvi wa talaka, na jibu lipo usoni pa mume. Afadhali aina ya kwanza ikikaa huko chini hairudi mara kwa mara kama ya pili.

MSAFIRI: Sasa mtu ajizuie kuanzia lini?

TAUSI: Kuanzia mwasho. Wengi wanahesabu tangu walipokiona kidonda, na wamechelewa. Sikiliza: mdomo unaanza kuchonyota, unawaka, ngozi kama inavutwa. Ukijitazama kwenye kioo hakuna kitu, na kirusi kinaweza kuwa kimeshafika juu ya ngozi. Kesho yake vinatokea vilengelenge vimebanana kama punje za mtama, ndani maji maangavu. Vinapasuka, na hapo ndipo hatari inapokuwa kubwa zaidi. Halafu gamba la manjano linalopasuka ukicheka. Mpaka gamba lidondoke lenyewe na ngozi ifunge, siku saba hadi kumi, wengine wiki mbili, hakuna busu wala ngono ya mdomo. Na mtoto mchanga usimbusu kabisa. Kwa mtu mzima ni kero, kwa kichanga kirusi hiki kinaweza kuua.

MSAFIRI: Gamba likidondoka nimemaliza?

TAUSI: Hatari inapungua, haiishi. Zipo siku kirusi kinatoka bila dalili yoyote. Ila usijitie wazimu: kama mwenzio naye ana aina hiyohiyo, na wengi wanayo, humwongezei kitu kikubwa.

MSAFIRI: Kwetu mgonjwa alikuwa anatengewa kikombe.

TAUSI: Kumtengea vyombo hata asipokuwa na kidonda ni kumnyanyapaa bure. Wakati wa kidonda msichangie kikombe, kijiko, mafuta ya mdomo, wembe wala taulo, inatosha. Mimi naogopea jicho zaidi. Umeshika kidonda, ukasugua jicho, likawa jekundu na mwanga unaliumiza: nenda hospitali siku hiyohiyo. Usitie dawa ya matone ya jirani, maana zile zenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, zinaweza kukuharibia kioo cha jicho.

MSAFIRI: Na dawa ya meno juu ya kidonda?

TAUSI: Inakausha na kuunguza ngozi, haiui kirusi. Asaikloviri ya vidonge inasaidia ukiiwahi mwasho unapoanza. Ya kupaka inasaidia kidogo. Zote hazikifukuzi huko kilikolala.

MSAFIRI: Aina ya pili?

TAUSI: Hiyo hasa ni ya sehemu za siri. Watu milioni 520 wa miaka 15 hadi 49 wanayo, na Afrika ndiyo imelemewa zaidi. Mwenye nayo yuko katika hatari ya kuambukizwa VVU karibu mara tatu zaidi. Watafiti walidhani asaikloviri ya kila siku itaziba mwanya huo. Wakaijaribu huku kwetu, kaskazini magharibi mwa Tanzania, kwa wanawake wanaofanya kazi baa na nyumba za wageni. Majibu yakatoka 2008: maambukizi ya VVU hayakupungua. Nilisikitika, nakwambia.

MSAFIRI: Mmoja anayo, mwingine hana, wafanyeje?

TAUSI: Kondomu inapunguza, haizibi yote, kwa sababu vidonda vinaweza kuwa pajani au kwenye korodani ambako haifiki. Valasaikloviri, ndugu ya asaikloviri, kila siku kwa mwenye nayo ilipunguza maambukizi kwa karibu nusu katika utafiti wa 2004. Siku za dalili, hakuna tendo. Na aseme mapema, kabla hawajafika kitandani: "Mimi huwa natokwa na malengelenge, nikisikia mwasho nitakwambia." Sentensi moja tu, wala haihitaji kikao cha wazee.

MSAFIRI: Mke akiwa mjamzito?

TAUSI: Kama hajawahi kuwa nayo, miezi mitatu ya mwisho ndiyo ya kuilinda hasa. Akiipata mara ya kwanza karibu na kujifungua, mtoto yuko hatarini. Basi mume mwenye vidonda vya mdomoni asimfanyie ngono ya mdomo kipindi hicho, na mwenye vya chini asimwingilie. Na kliniki waambiwe kuhusu wote wawili, mke na mume, hata kama vidonda vilishapona zamani.

MSAFIRI: Wiki ijayo mkanda wa jeshi, maana kuna watu wanauchanganya na huu.

TAUSI: Ule ni kirusi cha tetekuwanga, kinajificha kwenye...

MSAFIRI: Wiki ijayo, dada!